Ndoa Kwanza, Talaka Baadaye

Mama Wakili alistaafu akiwa na miaka sitini na mitatu, na kustaafu kwenyewe kulidumu miezi minne. Mwezi wa kwanza alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Wa pili alipanga upya makabati ya jikoni mara tatu, hata mumewe akawa anatafuta sukari kama mgeni katika nyumba ya watu. Wa tatu akaanza kusuluhisha ugomvi wa majirani bila kuombwa na mtu. Mwezi wa nne mumewe, aliyekuwa mwalimu wa jiografia na ambaye mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu, aliweka kikombe chake mezani na kumwambia kwa upole, "Mke wangu, nakupenda sana. Rudi kazini."

Akarudi, lakini kwa masharti yake. Siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Kesi za bima na za mizigo iliyozama, ambazo zilikuwa zimemla miaka kumi na sita katika kampuni kubwa ya mawakili, hakutaka hata kuzisikia. Angeshughulika na talaka peke yake. Alikodi vyumba viwili juu ya duka la miwani, akampigia simu katibu wake wa zamani, mwanamke mchangamfu aliyeitwa Chapchap kwa sababu vidole vyake havikujua kupumzika juu ya kibodi. Chapchap alifika kesho yake na birika lake la chai mkononi, kana kwamba alikuwa ametoka jana tu.

Watu waliuliza kwa nini talaka. Mwanamke aliyeishi na mume mmoja miaka arobaini na minne, wakitaniana kila asubuhi juu ya nani amemaliza dawa ya meno, ana nini na talaka za watu? Mwalimu alikuwa na jibu lake. "Daktari wa meno si lazima awe na pengo," alisema.

Ukweli ni kwamba Mama Wakili alianza upande wa pili. Akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka shule na cheti kimoja na viatu jozi moja, aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya msajili wa ndoa. Kwa miaka kumi na miwili aliandika majina ya maharusi kwenye daftari kubwa, akawaonyesha mahali pa kutia sahihi, akawapangusia wino vidoleni. Alikuwa mtu wa kwanza kuwaita wengi wao "bwana na bibi." Baada ya miaka kadhaa akaanza kuona sura zilezile zikirudi, moja moja, zikiuliza talaka zinashughulikiwa ofisi gani. Msajili alikuwa akiwaelekeza kwa kidole tu: ghorofa ya juu. Karani yule alitamani kujua huko juu kulikuwa na nini. Akaanza kusoma sheria jioni, baada ya kazi, mtoto mgongoni na kitabu mezani, na alipofika miaka thelathini na minne akavaa joho.

Basi Alhamisi moja, saa saba na nusu, Chapchap akiwa ameshaosha vikombe, ngazi zililia na mlango ukagongwa. Aliingia mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mabega mapana na vidole vyenye sugu. Nyuzi za rangi ya samawati zilikuwa zimemnasa kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa fundi wa kushona makochi, na tangu siku hiyo pale ofisini waliendelea kumwita Fundi.

Alikaa, akavuta pumzi. "Mama, nimekuja nisaidiwe kuachwa."

"Wengi huja hapa wanataka kuacha," alisema Mama Wakili. "Wewe unataka kuachwa?"

"Mume wangu anasema hawezi kuniacha. Anasema hajawahi kunioa."

Mama Wakili, aliyekuwa tayari ameshika mkoba wake, aliurudisha chini.

Habari ikatoka polepole, kisha ikabubujika. Miaka ishirini na sita iliyopita Fundi na mumewe walifunga ndoa kwa msajili, bila sherehe, kwa kuwa walikuwa wageni katika mji huu na hawakuwa na chochote. Yeye alishona, mume alisukuma mkokoteni wa mbao. Wakaanza na kochi moja lililookotwa jalalani. Sasa mume alikuwa na duka la samani lenye vioo mpaka chini, na nyuma ya duka kulikuwa na karakana ambako Fundi na wasaidizi wanne walishona kutwa. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka. Mtoto hawakujaliwa. Mwaka huu mume alipata mchumba, akataka kuanza upya, na badala ya kuomba talaka akaleta barua ya wakili. Barua ilisema Fundi ni mfanyakazi wa karakana aliyepewa chumba kwa hisani ya mwajiri, na kwamba anapewa siku thelathini ahame.

"Hisani," alisema Chapchap kutoka mlangoni, akiwa amesahau kwamba hakuwa ameulizwa.

"Cheti cha ndoa?" aliuliza Mama Wakili.

"Kilikuwa kwenye bahasha, kabatini. Bahasha haipo."

"Picha?"

"Tulipiga moja, mbele ya mlango wa msajili. Ilikuwa kwenye bahasha ileile."

"Mashahidi?"

"Wake alikufa zamani. Wangu alikuwa dada yangu mkubwa. Nimemzika mwaka juzi."

"Na daftari la msajili?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa karatasi yenye muhuri. Paa la ofisi ya msajili liliwahi kuvuja, na daftari la mwaka ule lilinyonya maji mpaka kurasa zake zikagandana zikawa tofali. Ofisi ilisikitika, haikuweza kuthibitisha wala kukanusha. "Karani aliponipa hii," alisema Fundi, "aliniambia mimi ni wa pili kuulizia daftari hilo. Kuna bwana alinitangulia, akaambiwa hivyohivyo, akaondoka anatabasamu."

Fundi alitazama mikono yake.

"Mama, sing'ang'anii mwanaume. Aende. Lakini siwezi kufukuzwa kama mpangaji. Nataka niachwe nikiwa mke."

Mama Wakili alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi kwa miaka mingi. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Nikuulize jambo moja. Mlipokwenda kujiandikisha, majina yenu yalibandikwa ubaoni, pale nje?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alitabasamu. "Yalibandikwa. Nilikuwa napita kila siku kuyasoma. Nilikuwa nazunguka njia ndefu makusudi."

"Chapchap," alisema Mama Wakili, "weka maji jikoni tena. Hatufungi ofisi leo."

Alichokikumbuka ni hiki. Alipokuwa karani, tangazo la kila ndoa lilibandikwa ubaoni siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Zikiisha, karatasi ilibanduliwa na kutupwa. Siku moja akatokea bwana mmoja akapiga meza akidai kwamba dada yake ameolewa bila tangazo, na msajili, kwa kuwa karatasi ilishatupwa, hakuwa na la kujitetea. Alipewa onyo. Kesho yake yule karani wa miaka ishirini na miwili alinunua majalada ya buluu na kuanza kuhifadhi kila tangazo lililobanduliwa, mwezi kwa mwezi. Msajili alimcheka. "Wenzako wanafuga kuku," alimwambia, "wewe unafuga karatasi." Yeye alimjibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa ni mali. Alipoacha kazi alimfundisha karani aliyempokea jinsi ya kupanga majalada yale. Lakini Fundi aliolewa miaka kadhaa baada ya hapo. Je, waliomfuata waliendelea? Na kama waliendelea, nani anajua karatasi hizo ziko wapi?

Siku hiyo Mama Wakili alifika nyumbani saa kumi na moja, akiimba. Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Umepata kesi," alisema.

"Nimepata kesi, Mwalimu."

"Ya Jumanne na Alhamisi?"

"Kesho ni Ijumaa, na nitakuwa kazini. Usinitazame hivyo."

"Mimi nimesema nini?" alisema Mwalimu, akarudi kwenye gazeti lake, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Masijala ya zamani ya msajili ilikuwa chini ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtunzaji wake alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta mbili, na aliwatazama Mama Wakili na Chapchap kama mtu aliyeletewa mzigo asiouagiza.

"Daftari la mwaka huo liliharibika," alisema. "Tulishatoa barua."

"Siulizi daftari. Naulizia majalada ya matangazo. Ya buluu."

"Hayo si rasmi."

"Si rasmi," alisema Mama Wakili taratibu, "maana yake yapo."

Mzee alikuna kidevu. Akatazama kona ya mwisho, ambako viti vibovu vilikuwa vimerundikwa mpaka darini, akajuta kwa kutazama. Chapchap alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya blauzi.

Walihamisha viti ishirini na saba. Mama Wakili, mwenye goti lililokuwa likimsumbua tangu mwaka jana, alisahau kwamba ana goti. Nyuma ya viti kulikuwa na kabati la chuma, na kabati lilipofunguka, harufu ya karatasi na gundi kavu ilimpiga usoni ikamrudisha nyuma miaka arobaini na moja. Majalada ya buluu yalikuwa yamesimama safu kwa safu. Ya mwanzo yalikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa herufi za mviringo za msichana aliyetaka kupendeza. Kisha ulifuata mwandiko mwingine, halafu wa tatu ulioegemea kushoto. Watu ambao hakuwahi kuwajua walikuwa wameendelea kufuga karatasi zake, mwaka baada ya mwaka, bila kujua nani alianzisha.

"Mama, usilie juu ya ushahidi," alisema Chapchap.

Fundi alikuwa amesema ndoa ilifungwa tarehe tisa mwezi wa sita. Walitoa jalada la mwezi wa sita. Mama Wakili aligeuza karatasi moja moja. Wahunzi, wauguzi, makuli, walimu, wote walikuwemo. Fundi hakuwemo. Akapitia tena kutoka nyuma kwenda mbele. Hakuna. Alikaa kwenye kimoja cha viti vile vibovu, na sasa goti likakumbuka kuuma.

"Njaa ya mchana inatufanya wajinga," alisema Chapchap baada ya muda. "Hebu niambie. Ulikuwa unapanga kwa tarehe ya kufunga ndoa, au kwa tarehe ya kubandika?"

Mama Wakili alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Ya kubandika."

Chapchap alivuta jalada la mwezi wa tano, na karatasi ya tatu kutoka mwisho ilikuwa hiyo. Jina la mume, kazi yake msukuma mkokoteni. Jina la Fundi, kazi yake mshonaji. Imebandikwa tarehe ishirini na saba. Chini, sahihi mbili. Nyuma, kwa mwandiko ule ulioegemea kushoto: ndoa imefungwa tarehe tisa, cheti kimetolewa, na namba yake.

"Ishirini na saba mpaka tisa," alisema Mama Wakili, akihesabu kwa vidole. "Hazifiki siku ishirini na moja. Mbona waliruhusiwa?"

Hapo ndipo walipoiona barua. Ilikuwa imeshikizwa kwa pini nyuma ya tangazo, ukurasa mmoja wa daftari la shule, ulioandikwa na bwana harusi kwa msajili. Mama Wakili aliisoma akiwa amesimama. Kisha alimpa Chapchap. Chapchap aliisoma, akatoa leso, na mtunza masijala aliyekuwa akijifanya hatazami akasogea naye, akasoma juu ya bega lake.

"Nitawapigia muhuri nakala," alisema mzee yule, sauti yake ikiwa imebadilika. "Leo hii. Msisubiri wiki ijayo."

Upande wa mume ulikuwa unawakilishwa na wakili kijana ambaye, kwa bahati yake nzuri au mbaya, alijifunza kazi mezani kwa Mama Wakili. Alipopelekewa nakala alipiga simu ndani ya saa moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeziona?"

"Nimeziona. Nimemshauri mteja wangu akiri, tuzungumze kuhusu mgawanyo kwa amani." Akashusha sauti. "Anasema sahihi si yake na barua hiyo haijui. Anasema ni ya kughushi."

"Umemweleza kiapo ni kitu gani?"

"Nimemweleza mara mbili."

"Basi umefanya kazi yako. Tutaonana Jumanne."

Fundi naye alipoonyeshwa tangazo alipitisha kidole juu ya jina lake, kama apimavyo kitambaa. Lakini barua hakutaka kuisoma.

"Imeandikwa na yeye?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi nikiisoma leo nitalainika, na nataka niwe mgumu mpaka Jumanne. Nitaisikia hukohuko."

Jumanne Mwalimu alimpigia mkewe pasi joho, akalivukiza mvuke mpaka likang'aa. Mama Wakili alikunywa chai nusu kikombe tu. Alikuwa amesimama mahakamani mara elfu, na bado tumbo lilikuwa linacheza kama siku ya kwanza. Alilipenda tumbo hilo. Alikuwa amelikosa miezi minne ya kustaafu bila kujua kwamba ndilo alilolikosa.

Hakimu alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. Mume alipanda kizimbani amevaa suti iliyokaa vizuri, akala kiapo kwa sauti kubwa, na akamjibu wakili wake kijana kila swali bila kukwama. Ndiyo, mwanamke huyo alikuwa fundi hodari. La, hakuwahi kuwa mkewe. Alimpa makazi kwa kumwonea huruma.

Mama Wakili aliinuka bila haraka.

"Wasaidizi wengine wa karakana ni wanne. Nao umewapa makazi?"

"Hapana. Wana kwao."

"Nyumba yako ina vyumba vingapi vya kulala?"

Mume alisita. "Kimoja. Kingine ni stoo."

"Huyu mfanyakazi, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa analala stoo?"

Watu waliokaa nyuma waliguna. Hakimu aliinua kalamu, wakanyamaza.

"Mara nyingine," alisema mume.

"Na hizo mara zisizo nyingine?"

Mume alikunywa maji. Wakili kijana alikuwa anatazama meza yake kana kwamba imeandikwa kitu cha maana sana.

Mama Wakili alimpa karani wa mahakama lile tangazo lenyewe, ambalo masijala ilikuwa imelileta kwa amri ya mahakama, na karani akalipeleka kizimbani. "Sahihi hiyo ya kwanza ni ya nani?"

"Siijui."

"Nyuma kuna barua. Nayo huijui?"

"Siijui."

"Haidhuru. Mtu anaweza kusoma barua asiyoijua. Mheshimiwa, naomba shahidi aisomee mahakama."

Hakimu alikubali kwa kichwa. Mume alitoa miwani, akaivaa, akashika kile kikaratasi cha daftari la shule. Alianza kusoma haraka, kwa sauti kavu, kama mtu asomaye tangazo la mnada.

"Kwa Msajili wa Ndoa. Mheshimiwa, naomba tarehe yetu isogezwe mbele. Nimepata kazi ya kwenda na malori ya mbao, na tunaondoka tarehe kumi, miezi mitatu. Njia hiyo ina ajali nyingi. Sitaki kuondoka nikiwa mchumba tu."

Sauti ilipungua mwendo.

"Nikifa njiani sina mtu wa kunililia ila yeye, na nataka aitwe mjane wangu, asije akaambiwa hakuwa mtu kwangu. Mimi ni msukuma mkokoteni na yeye ni mshonaji. Hatuna kitu ambacho mtu anaweza kutugombania. Lakini nataka..."

Akanyamaza. Feni ya darini ilikuwa inazunguka, na kila mtu aliisikia. Mama Wakili alimgeukia Fundi. Fundi alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso umemlowa, na hakuyafuta machozi.

"Endelea," alisema hakimu.

"Lakini nataka kila mtu ajue," alisema mume, polepole, na sasa hakuwa anatazama karatasi, "kwamba huyu ni mke wangu."

Akavua miwani. Ilimchukua muda mrefu kuikunja.

"Huo ni mwandiko wako?" aliuliza Mama Wakili. Hakupandisha sauti.

"Ni wangu."

"Na huyu aliyekaa pale ni nani kwako?"

Mume alitazama upande wa Fundi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ni mke wangu."

Moyo wa Mama Wakili ulipiga kwa nguvu mpaka akaona aibu, akidhani wengine wanausikia. Alisema tu, "Sina swali zaidi, Mheshimiwa," akakaa, kwa sababu miguu ilikuwa inataka kuruka na umri wake haukuruhusu. Wakili kijana aliomba mapumziko mafupi. Hakimu aliyatoa, na kabla ya kuondoka alimwambia mume kwamba suala la kiapo chake lingeandikwa kwenye uamuzi, na kwamba kukiri kwake, ingawa kumechelewa, kutaandikwa pia.

Nje, kwenye ukumbi wenye mabenchi, mume alimfuata Fundi. Chapchap alitaka kusimama katikati, Mama Wakili akamshika mkono.

"Nilikuwa nimeisahau ile barua," alisema mume. "Naapa nilikuwa nimeisahau."

"Mimi sikuwahi kuiona," alisema Fundi. "Maneno hayo ulimwandikia msajili. Mimi nimekaa nawe miaka ishirini na sita nikingoja uniambie hata nusu yake."

Mume alisogea karibu. "Na tukisema tuache haya yote? Turudi nyumbani?"

Mama Wakili, ambaye kwa miaka mingi amesikia watu wakipatana kwenye ukumbi ule na kugombana tena kabla ya kufika geti la nje, alijikuta amezuia pumzi. Angekubali lolote ambalo mteja wake angeamua. Lakini hakujua angeamua nini, na hakuna kitabu cha sheria ambacho kingemwambia.

Fundi alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, mtu angeweza kuona.

"Kama ungeniuliza kabla ya ile barua ya siku thelathini, ningerudi," alisema. "Sasa hapana. Nimeitafuta ndoa hii ili nitoke mlangoni. Wewe ulitaka kunitoa dirishani."

Mume aliinamisha kichwa. Hakumtukana, hakumbembeleza. Alisema, "Sawa, mama," kwa sauti ya msukuma mkokoteni, siyo ya mwenye duka, akarudi ndani.

Yaliyobaki yalikwenda kwa amani kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Mume hakupinga tena. Wakili kijana na Mama Wakili walikaa mezani asubuhi mbili, wakakubaliana: duka libaki kwa mume, karakana na mashine zake na wasaidizi wanne viende kwa Fundi, nyumba iuzwe wagawane sawa kwa sawa. Mchumba mpya, inasemekana, aliposikia habari ya barua aliomba apewe muda wa kufikiri, na bado anafikiri.

Wiki ya saba hakimu alisoma uamuzi. Asubuhi ya siku hiyohiyo ofisi ya msajili ilikuwa imekamilisha cheti kipya cha ndoa, kwa kutumia lile tangazo, na mtunza masijala alikileta mwenyewe mahakamani, amevaa sweta moja tu kwa heshima ya shughuli. Fundi akapewa cheti saa tatu, na amri ya talaka saa sita.

Alipanda ngazi za ofisi akiwa na vyote viwili kwenye bahasha mpya, akavilaza mezani bega kwa bega, akavisawazisha kwa viganja.

"Nimeolewa asubuhi, nimeachwa mchana," alisema. "Sijui nicheke au nilie."

"Anza na kucheka," alisema Chapchap. "Kulia hakuhitaji ratiba."

Wakacheka wote watatu, wakacheka mpaka muuza miwani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio, na hilo nalo likawachekesha. Fundi alipofuta macho alitazama karatasi zake mara ya mwisho, akazirudisha kwenye bahasha, akaiweka kifuani ndani ya blauzi. Akainuka kuondoka. Kisha akageuka, akakibonyeza kwa dole gumba kiti alichokuwa amekalia.

"Mama, mnawakalisha watu hapa wakiwa na huzuni zao? Sponji imekufa hii. Mtu anahisi mbao."

"Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Wanaokuja hapa wana mengine ya kulalamikia," alisema Fundi. Alikipindua kiti, akakagua misumari ya chini, akakitia begani kama mtu abebaye kapu la kawaida. "Nitakirudisha Alhamisi. Mnataka rangi gani?"

Mama Wakili na Chapchap walitazamana.

"Buluu," walisema kwa pamoja, na Fundi akashuka ngazi na kiti chao.